Soko Limeshuka, Kampeni Zimepamba Moto: Maswali Yenu Kuhusu Hisa na Bondi

Barua za mwezi huu karibu zote zina hofu mbili: masoko ya hisa ya ng'ambo yameporomoka, na hapa nyumbani Uganda magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti tangu asubuhi. Tumechagua saba. Bei tulizoweka kwenye hesabu ni za mfano tu. Bei ya leo muulize dalali wako.

Nauza, lakini hakuna anayenunua

*Mhariri, salaam. Nina hisa 20,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa Kampala. Niliposikia redioni kwamba masoko ya dunia yameanguka, nilimpigia dalali auze zote. Wiki tatu sasa hajauza hata moja, anasema hakuna mnunuzi. Lakini bei gazetini ni ileile, shilingi 100. Ananidanganya? — Muuza vitenge, Arua*

Huenda hakudanganyi, mama. Bei ya gazetini ni bei ya mara ya mwisho hisa ile ilipouzwa, na kwa kampuni nyingine hapo Kampala mara ya mwisho inaweza kuwa Jumanne ya juzi. Haimaanishi kuna mtu leo amekaa na shilingi 100 mkononi akikusubiri. Hili ndilo jambo kubwa la soko letu, na wenye hisa wengi huligundua siku wanapotaka kutoka.

Mpigie tena dalali, lakini usimuulize bei. Mwambie akusomee foleni: nani ananunua kwa bei gani, hisa ngapi, na wauzaji wangapi wako mbele yako. Tuseme anakusomea hivi: upande wa wanunuzi kuna hisa 3,000 kwa shilingi 95, hisa 5,000 kwa 92 na hisa 10,000 kwa 85, upande wa wauzaji kuna hisa 40,000 kwa shilingi 100, zote zimetangulia zako. Ukikaa kwenye 100 utasubiri hao 40,000 wamalizike kwanza. Ukikasirika ukasema "uza kwa bei yoyote", utapata 285,000, kisha 460,000, kisha 850,000. Jumla 1,595,000 kwa hisa 18,000, na hisa 2,000 zinabaki zikining'inia. Toa na ada za dalali na za soko, ambazo kwa pamoja huzunguka asilimia 2. Kesho yake gazeti litaandika kwamba hisa imeanguka hadi 85, na majirani zako wenye hisa hizo watashtuka, kumbe bei hiyo umeitengeneza wewe mwenyewe kwa oda moja.

Kwa hiyo andika oda yenye bei ya chini kabisa unayokubali, idadi, na siku ya kuisha. Gawa mzigo: weka hisa 3,000 au 5,000 kwa wakati mmoja, kwa mafungu ya mia mia. Usibadilishe bei kila siku, maana oda mbili zikiwa na bei moja, iliyotangulia ndiyo inayouzwa kwanza. Ukibadilisha bei unarudi mkiani. Na kumbuka fedha hazifiki siku hiyohiyo. Malipo hufanyika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo: ukiuza Alhamisi, hesabu ni Jumanne, ikiwa hakuna sikukuu katikati.

Kisha jiulize fedha ni za nini. Kama ni karo ya Februari, uza sasa kiasi cha karo na usichezee bei. Kama hazina kazi yoyote, hatuoni sababu ya kumpa mtu hisa ya 95 kwa 85 eti kwa sababu redio imepaza sauti.

New York inapiga chafya, Mbale tunaumwa?

*Marekani wakiuza hisa zao, kwa nini "soko la Uganda" nalo lishuke? Kampuni zetu zinauza huduma hapa hapa. — Mwalimu, Mbale*

Mwalimu, kuna njia mbili, na moja ni ya makaratasi tu.

Njia ya kweli ni fedha za wageni. Mifuko ya uwekezaji ya London na New York ina hisa Nairobi na Kampala. Wateja wao wakiogopa huko kwao, wanadai fedha zao, na meneja wa mfuko huuza kile kinachouzika haraka. Tarehe 29 Septemba 2008 fahirisi ya Dow Jones, yaani namba moja inayopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka pointi 777 kwa siku moja, baada ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kuukataa mswada wa kuziokoa benki. Uchaguzi wao wa rais ulikuwa umebakiza wiki tano, na wabunge wengi waliogopa wapiga kura kuliko walivyoogopa soko. Huku kwetu hakuna benki iliyofungwa kwa sababu hiyo, lakini wageni waliuza. Hisa za Safaricom, zilizotolewa kwa shilingi 5 za Kenya katikati ya 2008, zilikuwa chini ya 3 kabla ya mwaka kupita. Walioumia zaidi ni waliokopa benki ili kununua: hisa ilishuka, riba haikushuka.

Njia ya makaratasi ni fahirisi yenyewe. Ile ya hisa zote, inayosomwa redioni, inajumlisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa mara mbili, Nairobi na Kampala, kama KCB, Equity na East African Breweries. Nairobi ikishuka, namba ya Kampala inashuka nayo, hata kama siku nzima hakuna hisa moja ya kampuni ya Uganda iliyouzwa. Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Nairobi walisimamisha mauzo kwa sababu fahirisi yao ilikuwa imeshuka kupita asilimia 5. Ukisikia soko limeshuka, tafuta kwenye ripoti ya siku ya Soko la Hisa fahirisi ya pili, ile ya kampuni za ndani peke yake. Hapo utaona kama mvua imenyesha kwako au kwa jirani. Halafu angalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Bei iliyoshuka kwa mauzo ya hisa 400 haina uzito wa iliyoshuka kwa mauzo ya milioni nne.

Serikali ikimwaga fedha, bondi yangu itakuwaje?

*Nina bondi ya serikali ya miaka 10, shilingi milioni 10, riba asilimia 14. Watu wa kijiweni wanasema kila uchaguzi serikali inachapisha fedha na bondi zinakufa. Niuze kabla? — Mstaafu, Jinja*

Mzee wetu, tuanze na hesabu, siasa baadaye.

Bondi yako, yaani mkopo ulioipa serikali, inakulipa laki saba kila miezi sita. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa bondi za miaka 10 na kuendelea ni asilimia 10, kwa hiyo mkononi unapata 630,000. Jirani yako mwenye bondi ya miaka 2 kwa riba hiyohiyo anakatwa asilimia 20 na kubaki na 560,000. Hayo hayabadiliki hata dola ipande namna gani. Kinachobadilika ni bei ukitaka kuiuza kabla ya wakati. Riba ya soko ikipanda kutoka asilimia 14 hadi 18 huku bondi yako ikiwa bado mpya, mnunuzi atatoa kama milioni 8.17 tu, kwa sababu anaweza kupata asilimia 18 kwenye mnada wa Benki Kuu. Ile ya miaka 2 itanunuliwa kwa kama milioni 9.35. Kadiri siku ya kukomaa ilivyo mbali ndivyo bei inavyoyumba. Ukitulia hadi siku hiyo unapewa milioni 10 zako kamili.

Sasa kijiweni. Wana ukweli nusu. Baada ya uchaguzi wa Februari 2011 mfumuko wa bei ulipanda hadi kupita asilimia 30 ilipofika Oktoba. Benki Kuu ilianzisha riba yake elekezi, ile inayoongoza riba nyingine nchini, Julai mwaka huo kwa asilimia 13, na Novemba ilikuwa 23. Matumizi ya serikali ya kipindi cha kampeni yalichangia, lakini ukame na bei za vyakula na mafuta duniani navyo vilichangia. Anayekusimulia 2011 bila ukame anakufanyia kampeni. Kuelekea uchaguzi wa 2016 riba hiyo ilipanda kutoka asilimia 11 hadi 17 ndani ya mwaka 2015, safari hii hata kabla ya kura. Lakini uchaguzi wa Januari 2021 ulifanyika ikiwa asilimia 7, kwa sababu korona ilikuwa imeulaza uchumi. Kwa hiyo uchaguzi peke yake hautoshi kukuambia bondi itakwenda wapi. Fuatilia bajeti ya nyongeza inayopelekwa Bungeni, na matokeo ya minada ya Benki Kuu, hasa kama serikali imeanza kukopa zaidi ya ilivyotangaza.

Kwa mzee anayeishi kwa bondi ushauri wetu ni huu: matumizi ya miezi sita yawe nje ya bondi, kwenye bili za hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, za siku 91 au 182, au kwenye mfuko wa pamoja wa soko la fedha unaokulipa ndani ya siku chache. Ukiwa na akiba hiyo hutalazimika kuuza bondi mwezi mbaya. Bili na bondi unaweza kununua kuanzia shilingi 100,000 kupitia benki yako, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja fungu kubwa. Na ukilazimika kuuza, uliza bei benki mbili au tatu. Tofauti ya bei kati ya benki na benki humeza malipo ya miezi kadhaa.

Mtandao ukizimwa

*Naendesha boda na nina hisa kidogo nilizonunua kwa simu. Siku za kura wakizima intaneti, hisa zangu zinapotea? — Kijana wa Kasese*

Hazipotei, kijana. Zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya dhamana, ile akaunti ya SCD, na simu ni dirisha tu la kuzitazama. Kinachopotea ni uwezo wa kuuza na kupokea fedha kwa siku hizo. Siku ya kura ya Februari 18, 2016 mitandao ya kijamii na huduma za fedha za simu zilifungwa. Mwaka 2021 intaneti yote ilizimwa jioni ya Januari 13, ikarudi 18.

Hesabu nyuma. Fedha unazozihitaji wiki ya kura ziwe zimeuzwa angalau wiki mbili kabla: siku za kumpata mnunuzi, siku tatu za kazi za malipo, siku moja au mbili za kutoka benki kwenda kwenye simu. Noti za matumizi ya siku kumi ziwe nyumbani kabla foleni za mawakala hazijaanza. Omba taarifa ya akaunti yako ya SCD kwenye karatasi, na uandike kwenye daftari namba ya akaunti na namba ya ofisi ya dalali, ile ya kupiga, maana WhatsApp haitafanya kazi. Gawio nalo, yaani fungu lako la faida ya kampuni, ni vizuri liingie kwenye akaunti ya benki. Watu wengi magawio yao hukwama mwaka hadi mwaka kwa sababu tu laini ya simu waliyojiandikishia ilikwishakufa. Na usiache oda ya "uza kwa bei yoyote" ikiwa wazi wakati huna njia ya kuifuta.

Siasa inaweza kuua hisa?

*Mgombea mmoja alisema jukwaani atazinyang'anya leseni kampuni za wageni. Niuze hisa zangu za simu? — Msomaji, Mbarara*

Siasa inaweza, ila si kwa njia ya jukwaa. Chukua kampuni ya Umeme. Hisa zake ziliuzwa kwa umma 2012 kwa shilingi 275. Mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme ulianza Machi 2005, na tarehe ya mwisho ilikuwa ndani ya waraka wa mauzo tangu siku ya kwanza. Serikali iliamua kutouongeza, na Machi 31, 2025 kazi ikachukuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali. Serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi sana, na mgogoro ukaenda kwa wasuluhishi London. Aliyesoma waraka alijua kwamba ananunua kitu chenye tarehe ya kuisha, na kwamba mwishoni thamani yake itategemea fidia. Aliyenunua akidhani ni kama shamba, mtoto atamrithisha mjukuu, ndiye aliyeshangaa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kampuni yoyote liwe: leseni inaisha lini? MTN Uganda ilipata ya miaka 12 kuanzia Julai 2020, yaani hadi 2032. Airtel yake ni ya miaka 20, hadi 2040. Leseni hizo ndizo zilizowalazimisha kuuza asilimia 20 ya hisa kwa umma, jambo ambalo wagombea hawalitaji mara nyingi.

Swali la pili: mteja mkubwa ni nani, na analipa? Kiwanda cha dawa cha Quality Chemical, kilichouza hisa 2018 kwa shilingi 256.5, hutegemea sana ununuzi wa serikali na wafadhili, na deni la serikali ya Zambia liliwahi kukiumiza. Hapo uchaguzi wetu hauhusiki hata kidogo. Uganda Clays ya Kajjansi nayo iliumizwa na kiwanda kipya cha Kamonkoli na mkopo wa NSSF wa 2010, si na hotuba ya mtu.

Swali la tatu ni kodi, na kodi hutoka kwenye bajeti inayosomwa Juni. Ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018, katikati kabisa ya vipindi viwili vya uchaguzi. Julai 2021, miezi sita baada ya kura, ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Tukiangalia rekodi hiyo, mwenye hisa za simu anapaswa kuogopa Juni baada ya uchaguzi kuliko Desemba kabla yake.

Ninunue dola?

*— Muuza simu, Kisenyi*

Kama mzigo wako unalipiwa Dubai kwa dola mwezi ujao, nunua za mzigo huo, basi. Kama ni kujificha tu, tazama tarehe: Septemba 2011 dola ilifika karibu 2,900, na mwanzoni mwa 2012 ilikuwa imerudi chini ya 2,500. Septemba 2015 ilikaribia 3,700, kisha ikashuka chini ya 3,400 kabla mwaka haujaisha. Walionunua siku ya hofu kubwa ndio waliouziwa ghali. Ongeza na kile duka la fedha linachokula unaponunua na tena unapouza.

Hisa za "kampuni ya mheshimiwa"

*Ndugu mhariri, kuna vijana wanapita sokoni na fomu za kampuni itakayoingia soko la hisa baada ya uchaguzi. Picha ya mwanasiasa iko juu ya fomu. Laki mbili sasa, asilimia 30 kila mwezi. Wanawake wa kikundi chetu wanataka kuchangia. — Mama wa Busia*

Mama, wazuie leo. Asilimia 30 kila mwezi, gawio likirudishwa ndani, ni zaidi ya mara ishirini ya mtaji kwa mwaka. Hakuna biashara halali Uganda inayolipa hivyo. Dunamiscoins, kampuni iliyojiita ya sarafu za mtandaoni, iliahidi faida za namna hiyo, ikafunga milango Desemba 2019 na maelfu wakabaki nje.

Toleo halali la hisa lina waraka ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, una bei moja kwa wote, tarehe ya kufungua na ya kufunga, na majina ya madalali wenye leseni. Fedha huingia kwenye akaunti ya toleo lenyewe, hazipokelewi na kijana kwenye namba yake ya simu. Na unaombwa namba ya SCD, kwa sababu hisa haziwezi kuandikwa hewani. Waambie vijana wakupe jina kamili la kampuni na la dalali, kisha ipigie Mamlaka uulize kama wana leseni. Uliza pia jina la kijana mwenyewe, maana wakala naye huhitaji kibali. Picha ya mheshimiwa isikusumbue. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kama iko pale.

Kama kuna waliokwisha kutoa, wasingoje mwezi wa pili wa "gawio". Wahifadhi ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, wasifute hata mmoja, waende polisi wakiwa kikundi na kuandikisha taarifa moja yenye majina yote, kisha wapeleke nakala kwa Mamlaka. Kampuni ya simu nayo ijulishwe siku hiyohiyo: fedha zikiwa bado kwenye namba ya mpokeaji, zinaweza kuzuiwa, zikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu sana.